Kifungo cha nje Marekani: njia nne za usimamizi, na rekodi inayopaswa kutangulia

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mkalimani katika mahakama ya kaunti moja ya Marekani, nikimtafsiria baba mmoja Mkongo aliyekuwa kwenye probesheni, yaani kifungo cha nje chini ya usimamizi wa afisa. Alikuwa amekosa kuripoti kwa afisa wake mara mbili, kwa kuwa kiwanda cha nyama alikofanya kazi kilikuwa kimembadilishia zamu. Hakuiba wala kumpiga mtu. Kesi yake ilimalizika kwa dakika chache. Akalala ndani siku kadhaa, na kazi ikaenda. Nilipoiona fomu ya karani, kwenye sehemu ya sababu paliandikwa neno moja tu: amekiuka. Asubuhi hiyohiyo alifuata kijana aliyekamatwa na bunduki akiwa kwenye probesheni. Fomu yake nayo iliandikwa neno lilelile.

Tangu siku hiyo nimefuatilia jinsi majimbo ya Marekani yanavyojaribu kuurekebisha usimamizi wa kifungo cha nje. Nawaandikia Waswahili wanaoishi huko, wanaopiga kura kumchagua mwendesha mashtaka wa kaunti na, katika majimbo mengi, hata majaji. Wengi wenu mna ndugu au jirani aliye kwenye probesheni. Mpango mpya ukiletwa mbele yenu, mtaulizwa kama mnauunga mkono. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa watu wengi, njia bora ni ile inayompa mtu mlango wa kutokea na kumwonyesha mlango huo ulipo. Lakini hakuna njia itakayojulikana kuwa nzuri au mbaya katika kaunti inayoandika neno moja kwa makosa mia ya aina tofauti.

Kwanza, ukubwa wa jambo lenyewe. Watu wazima walio kwenye probesheni Marekani ni karibu milioni 3, zaidi ya wote walio magerezani na mahabusu. Mwaka 2019 kituo cha haki cha Baraza la Serikali za Majimbo kilitoa hesabu iliyowashtua wengi: asilimia 45 ya watu walioingizwa kwenye magereza ya majimbo waliingia kwa kukiuka masharti ya probesheni au paroli (kuachiwa gerezani kabla ya muda kwa masharti), na karibu robo ya wote walioingia hawakuwa na kosa jipya, ni masharti tu: hakuripoti, alihama bila kusema, alipimwa mkojo ukakutwa na dawa, alivuka mpaka wa jimbo kwenda kwenye msiba bila kibali. Gharama ya kuwaweka ndani waliokiuka ilikadiriwa kuwa zaidi ya dola bilioni 9 kwa mwaka.

Njia ya kwanza: adhabu ndogo ya haraka

Hii ndiyo iliyopata sifa kuliko zote, na ndiyo ninayotaka tuitazame kwa muda mrefu zaidi, maana ina funzo ambalo nyingine hazina.

Mwaka 2004 Jaji Steven Alm wa Honolulu, Hawaii, alichoshwa na mtindo alioukuta. Mtu alikuwa akivunja masharti mara nyingi bila lolote kumpata, kisha siku moja afisa anachoka, anaomba probesheni ifutwe, na mtu anatupwa gerezani kwa miaka. Alm akaupindua utaratibu. Alianza na watu 34. Kila ukiukaji, hata mdogo, ulijibiwa ndani ya siku chache, na jibu lenyewe lilikuwa fupi: siku mbili tatu mahabusu, kisha mtu anarudi nyumbani na kuendelea. Kila mmoja alipewa rangi. Kila asubuhi alipiga simu kusikiliza rangi iliyotajwa. Ikiwa ni yake, alitakiwa kufika kupimwa kabla ya saa nane mchana. Mpango ukaitwa HOPE.

Mwaka 2009 watafiti Angela Hawken na Mark Kleiman walitoa tathmini iliyowagawa watu kwa kura, hawa HOPE, wale probesheni ya kawaida. Baada ya mwaka mmoja, waliokamatwa tena walikuwa asilimia 21 upande wa HOPE na 47 upande wa kawaida. Vipimo vilivyokutwa na dawa vilikuwa asilimia 13 dhidi ya 46. Waliofutiwa probesheni walikuwa asilimia 7 dhidi ya 15. Ni nani angesoma hesabu hizo asitamani mpango huo kwao? Majimbo mengi yaliiga.

Kisha ukaja mtihani wenyewe. Serikali kuu ililipia jaribio katika kaunti nne zisizofanana: Saline ya Arkansas, Essex ya Massachusetts, Clackamas ya Oregon na Tarrant ya Texas, zaidi ya watu 1,500 kwa jumla, nao wakagawanywa kwa kura. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Kwa ujumla hapakuwa na tofauti ya maana katika kukamatwa tena kati ya waliopitia mpango na wasioupitia. Jaribio la Delaware, lililofanana nao, halikuonyesha faida pia.

Wapo wanaosema kaunti zile hazikuufuata mpango kwa uaminifu. Watafiti waliokwenda kuangalia waliona umefuatwa vya kutosha. Mimi nadhani sehemu kubwa ya mafanikio ya Honolulu ilikuwa jaji mwenyewe, aliyewajua watu wake, aliyewaeleza mahakamani kwa upole na ukali kwamba anataka wafaulu, na polisi waliokuwa tayari kumtafuta mtu siku ileile. Ukiichukua ratiba ya vipimo na mahabusu bila vitu hivyo, unabaki na siku za mahabusu tu. Na kwa mtu wa kibarua, siku tatu mahabusu si adhabu ndogo. Ni kazi, kodi ya nyumba, na mtoto asiye na wa kumpeleka shule.

Kuna jambo jingine ambalo HOPE haikuligusa: urefu. Kwa takwimu za mwaka 2018 za Pew, shirika la utafiti la Marekani, Hawaii ndiyo iliyokuwa na wastani mrefu wa probesheni kuliko jimbo lolote, miezi 59. Kansas wastani ulikuwa miezi 9. Kumsimamia mtu kwa haraka kwa karibu miaka mitano bado ni kumsimamia karibu miaka mitano.

Njia ya pili: punguzo la mwenendo mwema

Wafungwa wa magereza yetu ya Afrika Mashariki wanalijua punguzo la kifungo. Arizona ililihamishia nje ya kuta. Sheria yake ya mwaka 2008 ilisema kila mwezi ambao mtu ametimiza masharti, amelipa fidia ya aliyemkosea na kutumikia saa zake za kazi za jamii, anapunguziwa siku 20 za muda uliobaki. Kaunti nazo ziliahidiwa sehemu ya fedha ambazo jimbo lingeokoa kwa kutojaza magereza. Ndani ya miaka miwili, waliofutiwa probesheni na kupelekwa gerezani walipungua kwa asilimia 29, na waliokuwa kwenye probesheni wakapatikana na hatia ya makosa mapya makubwa walipungua kwa asilimia 31.

Sitaki kuuza kitu zaidi ya thamani yake. Arizona haikugawa watu kwa kura kama Honolulu. Ilibadilisha mambo kadhaa kwa pamoja, ikiwemo mafunzo ya maofisa, kwa hiyo huwezi kusema asilimia hizo zote ni za punguzo. Lakini Missouri ilifuata mwaka 2012 kwa ukarimu zaidi, siku 30 kwa kila mwezi mzima wa utii, na miaka mitatu baadaye zaidi ya watu 36,000 walikuwa wamepunguziwa muda, kwa wastani wa miezi 14 kila mmoja. Idadi ya waliosimamiwa ilishuka kwa asilimia 18, na kurudia makosa hakukuongezeka. Majimbo mawili tofauti, hadithi ikielekea upande mmoja: hapo naanza kusadiki.

Linalonipendeza zaidi ni namna punguzo linavyobadilisha maongezi kati ya afisa na mtu wake. Kwenye HOPE, wakikutana, swali ni umekosea nini. Hapa swali ni umebakiza muda gani. Na kila anayemaliza mapema anamwachia afisa nafasi ya kumshughulikia yule mwenye hatari ya kweli.

Ukiletewa mpango wa namna hii, chunguza mambo mawili. La kwanza: je, punguzo linahesabiwa lenyewe kila mwezi, au mtu lazima aombe mahakamani? Likihitaji ombi, watakaolipata ni wenye mawakili. La pili ni fedha. Kumnyima punguzo aliyeshindwa kulipa ada kwa sababu hana, na kumpa mwenye nacho, ni kupima mfuko badala ya mwenendo. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikwisha kusema mwaka 1983, katika kesi ya Bearden dhidi ya Georgia, kwamba mtu hawezi kufutiwa probesheni kwa kutolipa bila mahakama kuchunguza kama kweli ana uwezo. Kwenye punguzo, roho ya hukumu hiyo inasahaulika kirahisi.

Njia ya tatu: ukomo wa miaka

Hii inaelezeka kwa sentensi chache. California, kuanzia Januari 2021, iliweka ukomo wa mwaka mmoja kwa makosa madogo mengi na miaka miwili kwa makosa makubwa mengi. Michigan mwaka huohuo ilishusha ukomo wa makosa makubwa mengi kutoka miaka mitano hadi mitatu. Minnesota, ambako jaji aliweza kumweka mtu kwenye probesheni hata miaka 40 kwa baadhi ya makosa, iliweka miaka mitano kwa makosa mengi, kwanza kwa kanuni za hukumu za mwaka 2020, kisha kwa sheria ya 2023.

Uzuri wa ukomo ni kwamba hauhitaji afisa mwema wala kompyuta. Siku ikifika, imefika. Anayetaka kuona hali ilivyo pasipo ukomo aitazame Pennsylvania ya miaka iliyopita. Msanii Meek Mill alikamatwa mwaka 2007 akiwa kijana, akawekwa kwenye probesheni, na mwaka 2017, muongo mzima baadaye, bado alihukumiwa kifungo cha miaka miwili hadi minne kwa kukiuka masharti. Hukumu ya awali ilikuja kufutwa mwaka 2019. Yeye alikuwa na jina na mawakili. Pennsylvania ilipitisha sheria mwishoni mwa 2023 inayolazimisha kesi kupitiwa upya kabla muda wote haujaisha, jambo ambalo si ukomo kamili bali hatua ya kuuelekea.

Udhaifu wa ukomo ni kwamba haumjui mtu. Mtu aliyempiga mkewe California anatakiwa kuhudhuria mafunzo ya wiki 52, na ukomo wa mwaka mmoja usingemwachia nafasi ya kukosa hata wiki moja. Ndiyo maana kosa hilo liliachwa nje ya ukomo huo. Sheria ya ukomo isomwe kwanza pale inapoorodhesha yaliyoachwa nje. Hapo ndipo utajua kama walioiandika walizungumza na waathirika.

Njia ya nne: kumwacha mtu zaidi

Hii ndiyo ngumu kuisimamia kwenye mkutano wa hadhara, kwa sababu inasikika kama uzembe. Mwaka 2007 idara ya probesheni ya Philadelphia na Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichukua watu zaidi ya 1,500 ambao rekodi zao zilionyesha hatari ndogo, wakawagawa kwa kura. Kundi moja likasimamiwa kama kawaida. Jingine likakabidhiwa kwa maofisa waliosimamia hadi watu 400 kila mmoja, ambapo mtu aliripoti ofisini mara moja kwa miezi sita na kupiga simu katikati. Mwaka ulipopita, kiwango cha kukamatwa kwa makundi hayo mawili hakikuwa na tofauti ya maana. New York City nayo kwa miaka mingi imewaacha wenye hatari ndogo waripoti kwenye mashine, kama mtu anayetoa fedha benki.

Kwa baba wa kiwanda cha nyama, hii ingetosha kabisa. Lakini ona inategemea nini: inategemea kumjua mwenye hatari ndogo, na kumjua kunatokana na rekodi za nyuma. Rekodi za nyuma zikiwa mbovu, au zikiwa zimejaa kukamatwa kwa watu wa mtaa mmoja kuliko mwingine, hesabu itarithi ubovu huo. Na mashine inayozungumza Kiingereza pekee itamgeuza mzee anayejua Kiswahili na Kilingala kuwa mkaidi, hali yeye hakuelewa swali.

Ukilazimika kuchagua

Kaunti ambayo maofisa wamezidiwa, kila mmoja na mafaili yasiyohesabika, ianze na njia ya nne kwa wenye hatari ndogo na ya pili kwa waliobaki. Zote mbili zinapunguza mzigo bila kusubiri fedha mpya. Jimbo ambalo majaji wake hutoa miaka kumi kama salamu linahitaji ukomo, na punguzo ndani ya ukomo huo. Adhabu ya haraka ningeiunga mkono kwa kundi moja dogo tu: watu wenye uraibu mkali walioshindwa kwenye njia nyingine, na pale tu ambapo nafasi ya matibabu ipo kweli na jaji anataka kazi hiyo. Usiikubali kama mpango wa kila mtu.

Kuna wanaopendekeza kaunti zilipwe kwa kupunguza wanaofutiwa, kama California ilivyofanya kwa sheria ya 2009. Mwaka wa kwanza, kiwango cha waliopelekwa gerezani kutoka probesheni kilishuka kwa kama asilimia 23. Naukubali mpango huo, kwa sharti moja: malipo yaangalie pia makosa mapya, la sivyo kaunti itajifunza kufumba macho.

Rekodi: kulazimisha kutoka juu au kuanza chini

Probesheni ilianza na mtu aliyeandika. Mwaka 1841 John Augustus, fundi viatu wa Boston, alimwekea dhamana mlevi mmoja ili asifungwe, akamrudisha mahakamani wiki chache baadaye akiwa mtu mwingine. Hadi 1858 alikuwa amewawekea dhamana watu 1,946, na tunaijua idadi hiyo kwa sababu aliwaandika. Leo zipo kaunti zenye kompyuta zisizoweza kukuambia wangapi walirudi ndani mwaka jana kwa kosa jipya na wangapi kwa kukosa basi.

Hapa pia kuna njia za kulinganisha. Florida mwaka 2018 ilipitisha sheria ya kwanza ya aina yake nchini, ikizitaka ofisi za makarani wa mahakama, waendesha mashtaka, mawakili wa umma, mahabusu za kaunti na idara ya magereza zote zipeleke takwimu za kesi mahali pamoja, kwa kaunti zote 67. Wazo ni zuri. Utekelezaji ulichukua miaka, kwa sababu kila ofisi ilikuwa na programu yake na maana yake ya neno kesi. Kwa upande mwingine, kaunti ya Yolo, California, mwaka 2021 ilifungua ukurasa wa wazi wa takwimu za mwendesha mashtaka wake kwa kushirikiana na shirika la Measures for Justice, bila kusubiri jimbo. Ilikwenda haraka, lakini ni kaunti moja, na mwendesha mashtaka ajaye anaweza asipende.

Njia ninayoiona bora iko katikati, na Arizona inayo. Kaunti zake 15 hutumia mfumo mmoja wa probesheni chini ya mahakama ya jimbo, kwa hiyo sheria ya punguzo ilipopita, hesabu ilikuwa na pa kutokea. Linganisha na Texas, yenye zaidi ya idara 120 za usimamizi. Kuzifanya idara hizo zikubaliane juu ya neno ukiukaji ni kazi kubwa kuliko kununua kompyuta.

Kwa hiyo ukiulizwa kuhusu mradi wa takwimu, usianze na ukubwa wa mfumo. Uliza sehemu ya sababu imeandikwaje. Kosa jipya litengwe na sharti lililovunjwa. Sharti litajwe: kuripoti, dawa, ada, makazi, kusafiri. Iandikwe hatua iliyochukuliwa na idadi ya siku alizokaa ndani, na lugha anayoielewa mtu. Namba ya mtu iwe moja kutoka kukamatwa hadi kumaliza, ili asihesabiwe mara tatu na ofisi tatu. Na kurudia kosa kupewe maana moja, iwe ni kukamatwa, kupatikana na hatia au kufungwa, maana takwimu ya kukamatwa na ya kufungwa kwa watu walewale zinaweza kupishana kwa mbali.

Fomu ya yule baba ingekuwa na mistari mitano. Kosa jipya: hakuna. Sharti: hakuripoti mara 2. Maelezo: zamu ya kazi imebadilishwa na mwajiri. Lugha: Kiswahili. Hatua: siku ya kuripoti ihamishiwe Jumamosi.